Programu za kazi moja au programu jumuishi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa kompyuta wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo makatibu na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, walimu, wenye steshenari na wenye maduka wa Mtwara na Lindi huuliza pale wanapotaka kununua kompyuta au kuiwekea programu mpya. Swali huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: je, kila kazi ipewe programu yake ndogo, au itafutwe programu moja kubwa inayobeba kazi zote?

Programu ya kazi moja ni ipi, na programu jumuishi ni ipi?

Programu ya kazi moja ni ile iliyotengenezwa kufanya jambo moja na kuishia hapo. Notepad huandika maandishi matupu, VLC hucheza video na sauti, SumatraPDF hufungua nyaraka za PDF, na 7-Zip hubana mafaili na kuyafungua. Programu jumuishi hukusanya kazi kadhaa chini ya paa moja, kama LibreOffice na Microsoft Office zenye kichakata maneno, lahajedwali (karatasi ya hesabu yenye safu na mistari) na slaidi, au kama programu ya uhasibu ambayo ndani yake mauzo, stoo, madeni na mishahara vinasoma kumbukumbu zilezile.

Hapa pana tofauti ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Word na Excel ni majirani wanaoazimana vitu: kila mmoja ana nyumba yake na faili lake, na kama hukuwaunganisha kwa mkono wako hawajuani. Programu ya uhasibu iliyojengwa vizuri ni familia inayokula sinia moja: ukirekebisha jina la mteja mahali pamoja, limerekebishika kila mahali. Vyote viwili huitwa jumuishi, na mtu akikuuzia cha kwanza kwa sifa za cha pili utakuja kujua wakati wa kufunga hesabu.

Kwa kifupi, ipi ni bora?

Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, lakini kuna kipimo ambacho hakijaniangusha katika miaka yote ya kazi hii: hesabu ni mara ngapi taarifa ileile inaandikwa upya. Kama jina la mkulima, mwanafunzi au mteja linaandikwa mara moja na kazi ikaishia hapo, programu ndogo inatosha kabisa. Kama jina hilohilo linaandikwa kwenye leja, kisha kwenye orodha, kisha kwenye barua, kisha kwenye malipo, basi kila kuandika upya ni nafasi nyingine ya kukosea, na hapo ndipo programu jumuishi inapostahili bei yake na uzito wake.

Ukubwa wa ofisi hauamui jambo hili kama watu wanavyodhani. Nimeona ofisi ya watu kumi na wawili ambayo haikuhitaji zaidi ya kichakata maneno, na nimeona duka la pembejeo la mtu mmoja lililokuwa likizama kwa sababu mwenyewe alikuwa akiandika deni moja katika daftari tatu, na kila daftari lilisema lake.

Chama chetu cha msingi kinakusanya korosho na ufuta. Tuchukue ipi?

Kama kuna mfumo mliotakiwa kuutumia na Tume ya Maendeleo ya Ushirika au na chama kikuu, mfano MUVU (Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika), huo mtautumia na hauna mjadala. Swali linabaki kwa kazi zinazouzunguka mfumo huo, na hizo ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwa mbali.

Tufuate gunia moja. Mkulima analeta korosho ghalani, karani anapima, anaandika jina, kilo na daraja kwenye leja, kisha anaandika risiti. Mzigo ukienda ghala kuu, orodha inaandikwa tena. Mnada ukifanyika na bei ikajulikana, orodha ya tatu inaandikwa ya kukokotoa makato, na ya nne inapelekwa benki kwa ajili ya malipo. Jina la mtu mmoja limeandikwa mara tano kabla hajashika senti yake. Kwenye leja ni Mohamedi, kwenye orodha ya malipo ni Mohamed, na akaunti yake ya benki ilifunguliwa kwa Muhamadi. Malipo yanarudi, mkulima anapanda bodaboda kuja ofisini, karani anafungua leja, na asubuhi nzima inakwisha kwa herufi mbili. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo katika korosho huku kwetu tangu msimu wa 2007/2008, na katika miaka yote hii sehemu kubwa ya manung'uniko niliyoyasikia kwenye meza za makarani si ya bei bali ni ya majina na namba zisizolingana.

Kwa hiyo kwa chama cha msingi jibu langu ni programu jumuishi, ile ya sinia moja, ambamo kila mwanachama ana namba yake na jina lake limeandikwa mara moja tu. Kama fedha ya kununua haipo, lahajedwali moja inaweza kushika nafasi hiyo kwa sharti moja gumu: karatasi ya wanachama iwe moja, na karatasi nyingine zote za mizigo, makato na malipo zivute jina kutoka hapo kwa kutumia namba ya mwanachama. Karani asiruhusiwe kuandika jina kwenye karatasi nyingine yoyote. Sharti hili linaonekana dogo, lakini vyama vilivyolishika vinalala usingizi mwezi Novemba.

Kazi nyingine za chama hazihitaji ujumuishi hata kidogo. Barua za mialiko ya mkutano mkuu, kufungua PDF za matangazo ya minada, kuhifadhi picha za mizani: hizi zipewe programu ndogo na zisichanganywe na mfumo wa malipo.

Excel yetu tayari inafanya kila kitu. Kwa nini tutafute kingine?

Kwa sababu Excel hukubali kila kitu hata pale inapopaswa kukataa. Jaribu jambo hili leo. Fungua karatasi mpya, andika namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila vistari kwenye kisanduku kimoja, kisha bonyeza Enter. Kama mwenye namba alizaliwa Machi 1975, utaona 1.97503E+19. Ukikipanua kisanduku na kubadili mwonekano wa namba utaona tarakimu zote 20, lakini tano za mwisho zimekuwa sifuri. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki huzitupa, na ukishahifadhi faili hazirudi tena. Namba ya simu inayoanza na 07 nayo hupoteza sifuri ya mbele, kwa sababu Excel huichukulia kuwa namba ya kukokotoa.

Niliwahi kuletewa orodha ya wakulima zaidi ya 400 iliyopatwa na jambo hili. Karani aliyeiandika alikuwa mtu makini, aliandika kwa siku tatu, na namba zote zilikuwa zimekatika mkia. Hapakuwa na ujanja isipokuwa kurudi kwenye fomu za karatasi na kuanza upya. Kinga yake ni kuchagua safu nzima na kuiweka kuwa maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza, au kuiandika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Tahadhari hiyohiyo inahitajika ukifungua faili la CSV (orodha ya maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato) kwa kulibonyeza mara mbili, kwa kuwa kwenye matoleo mengi ya Excel ubadilishaji hufanyika papo hapo bila kukuuliza.

Mambo haya hayawapati makarani wa vijijini peke yao. Mwaka 2020 nchini Uingereza, mamlaka ya afya ya umma iliacha visa 15,841 vya korona nje ya takwimu za kila siku kwa sababu matokeo yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mwaka huohuo kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadili majina ya jeni kadhaa kwa sababu lahajedwali ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Hawa ni wataalamu wenye vifaa vyote, na walikwama mahali palepale anapokwama karani wa Tandahimba.

Lahajedwali ni chombo kizuri cha kukokotoa. Kutunza kumbukumbu za watu kwa miaka ni kazi ya hifadhidata, yaani programu ya kutunza orodha kwa kanuni ulizoiwekea, na hapo hata programu ndogo ya hifadhidata yenye fomu tatu ni salama kuliko lahajedwali kubwa, kwa sababu hukataa namba pungufu mlangoni.

Wazo la programu ndogondogo lilitoka wapi?

Linahusishwa zaidi na Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwenzao Doug McIlroy alipendekeza njia ya kuunganisha programu, ikaingizwa mwaka 1973: tokeo la programu moja linakuwa pembejeo ya nyingine. Moja inapanga orodha kwa alfabeti, ya pili inaondoa yaliyojirudia, ya tatu inahesabu yaliyobaki, na hakuna hata moja inayohitaji kuijua kazi ya mwenzake. Mwaka 1978 McIlroy aliliandika kama kanuni, kwamba kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri. Kinachoiwezesha kanuni hii ni kwamba programu zote zinazungumza lugha moja, yaani maandishi matupu. Programu ndogo zisizo na muundo wa pamoja wa data ni mafundi wasioelewana kwenye mjengo mmoja.

Na programu jumuishi zilizaliwa kwa sababu gani?

Sababu yake ya mwanzo imekwisha, na inafaa kuijua. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilipewa jina hilo kwa kazi zake tatu: lahajedwali, grafu na hifadhidata. Mwaka uliofuata zikaja Symphony na Framework zilizoongeza uandishi wa barua na mawasiliano. Kompyuta nyingi za ofisi za wakati huo zilitumia mfumo endeshi wa MS-DOS, ambao kwa kawaida iliendesha programu moja kwa wakati mmoja. Ili utoe jedwali kwenye hesabu na kulitia kwenye barua, ilikubidi uifunge programu ya kwanza ndipo ufungue ya pili. Kuweka kila kitu ndani ya programu moja kulikuwa nafuu kubwa sana.

Leo unafungua madirisha matano, unanakili hapa na kubandika pale. Mtu anayekushawishi ununue programu jumuishi kwa hoja kwamba hutahama dirisha moja kwenda jingine anakuuzia dawa ya ugonjwa uliopona zamani. Hoja inayobaki na nguvu ni ile ya kuandika mara moja.

Laptopu yetu ina ramu ya GB 2 tu. Tutaweza kuweka programu kubwa?

LibreOffice inapendekeza ramu ya MB 512 na nafasi ya diski isiyozidi GB 1.5, kwa hiyo itafunguka, ingawa ukiwa umefungua na kivinjari chenye kurasa kumi utasubiri. Angalia zaidi toleo la Windows: LibreOffice 25.8 ya mwaka 2025 haikubali tena Windows 7 wala 8, na Windows 10 yenyewe iliacha kupokea msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa mashine ya namna hii ndipo programu za kazi moja zinapong'aa. SumatraPDF ni ndogo kiasi kwamba unaishusha kwa bando la siku bila kuhisi, na hufungua PDF kabla hujavuta kiti. Kama kuna fedha kidogo, badilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kabla ya kununua programu yoyote; kompyuta nyingi nilizoletewa kwa malalamiko kwamba programu ni nzito zilikuwa na diski iliyochoka.

Kwa nini tusitumie za mtandaoni tu, tukaacha kusumbuka na kusakinisha?

Kwa ofisi yenye watu wanaohariri waraka mmoja wakiwa sehemu mbalimbali, mmoja Masasi na mwingine Lindi mjini, za mtandaoni zina faida isiyopingika. Lakini nakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Ofisi zilizokuwa na kila kitu mtandaoni zilikaa na kompyuta zinazowaka na kazi isiyofunguka. Aliyekuwa na faili lake kwenye diski aliendelea.

Ushauri wangu kwa mikoa hii ni kwamba kazi ambayo haiwezi kusubiri, yaani mapokezi ya mazao, malipo na mauzo ya dukani, iwe kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti na kutuma taarifa mtandao unaporudi. Muuzaji akikuambia programu yake inafanya hivyo, mwombe azime data mbele yako na aandike risiti moja.

Nina steshenari karibu na hospitali ya Ligula. Ninahitaji kifurushi kizima?

Unahitaji kifurushi kwa sababu ya wateja wako kuliko kwa ajili yako. Mteja anakuja na flashi yenye faili la Word, anataka kurekebisha barua na kuchapa. Usipoweza kulifungua likiwa na mpangilio wake, anavuka barabara. Weka LibreOffice au Microsoft Office yenye leseni, kisha kwa kila kazi inayojirudia kutwa tafuta programu yake ndogo: moja ya kuskani, moja ya kupanga picha za pasipoti kwenye karatasi moja, moja ya kuunganisha na kukata PDF. Kazi ya foleni haitaki menyu ndefu. Kijana wa kaunta aliyefunzwa kwa nusu saa kwenye programu yenye vitufe vinne atahudumia watu wengi kuliko yule anayetafuta kitufe ndani ya programu yenye mia.

Jambo moja la haraka kwa wenye steshenari: wengi mnatengeneza kadi za harusi na mialiko ya unyago kwa Microsoft Publisher. Microsoft imetangaza kwamba programu hiyo inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na wenye Microsoft 365 hawataweza kuyafungua mafaili yake kwa kutumia Publisher baada ya hapo. Hifadhini kadi zenu kwa PDF mapema, na zile mnazotaka kuendelea kuzihariri zijaribuni kwenye Draw ya LibreOffice, ambayo huyafungua mafaili ya Publisher ingawa mpangilio wakati mwingine hutetereka. Publisher yenyewe ni programu ya kazi moja, na nimeitaja makusudi, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kufungiwa kazi zako ndani ni tabia ya programu kubwa peke yake.

Mimi ni mwalimu. Natumia Word kwa mitihani na Excel kwa matokeo. Kuna haja ya zaidi?

Hapana, lakini kuna daraja kati ya hizo mbili ambalo walimu wengi hawajalivuka. Tuseme una wanafunzi 180 na unataka kila mzazi apate barua ya matokeo. Wengi hufungua barua, wanabadilisha jina, wanabadilisha alama, wanachapa, wanarudia, na ikifika ya sitini mwanafunzi mmoja anapewa alama za mwenzake. Word inaweza kuchukua orodha yako ya Excel na kutoa barua zote 180, kila moja na jina na alama zake. Kwenye Word ya Kiingereza utaikuta chini ya Mailings. Andaa orodha yenye kichwa kwenye kila safu, andika barua moja, weka alama ya safu mahali pa jina na pa kila somo, kisha toa zote. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima. Muhula unaofuata itakuchukua dakika kumi.

Huu ni ujumuishi wa kweli mikononi mwa mtu mmoja, na tayari unao. Mtihani wenyewe uandike popote unapopenda.

Je, programu za kukraki zina ubaya gani, mbona zinafanya kazi?

Zinafanya kazi pamoja na kile kilichotiwa ndani yake na aliyezivunja, na mara nyingi unatakiwa uizime kinga ya virusi ili ziingie, jambo ambalo lingetosha kumzuia mtu mwenye orodha ya malipo kwenye mashine hiyo. Ni kinyume cha sheria ya hakimiliki pia. Kama fedha ni kikwazo, LibreOffice ni bure kwa haki na kwa sheria.

Kuna programu za Kiswahili?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi kizima cha ofisi kwa Kiswahili, na najivunia kusema kwamba wengi wetu tulilisoma neno lahajedwali kwa mara ya kwanza kutokana na juhudi za aina hiyo. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010, na LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, ambayo nawashauri makatibu wote waiwashe kabla ya kuandika muhtasari wa kikao. Kwa programu za kazi moja hali ni dhaifu: nyingi ni za Kiingereza, ingawa kwa kuwa zina vitufe vichache, kujifunza maneno yake si mzigo.

Muuzaji amekuja na programu moja inayofanya mauzo, stoo, mishahara na uhasibu. Nimuulize nini?

Muulize kwanza jinsi ya kuondoka. Mwombe atoe orodha yote ya wateja na miamala yote ya mwezi mmoja kuwa faili la CSV mbele ya macho yako, kisha lifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Kama hawezi, au anasema hilo hufanywa na ofisi yao kwa malipo, basi kumbukumbu zako zitakuwa mateka. Ningeikataa programu nzuri kwa kosa hili moja.

Kisha muulize nini kinatokea umeme ukikatika katikati ya kuandika risiti, na usiridhike na maneno: chomoa waya. Muulize nani atakuja Newala au Liwale programu ikigoma, na kama ni kwa simu, simu hiyo inapokelewa saa ngapi. Muulize ni sehemu zipi unaweza kuziacha bila kuzilipia, kwa kuwa duka lisilo na waajiriwa halina haja ya mishahara. Muulize pia taarifa za wateja zinatunzwa wapi na nani anaweza kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya majina, namba za vitambulisho na za simu za watu, na kusema kwamba ni programu ya muuzaji hakukuondolei wajibu.

Tumeamua kuhama. Tuhame lini?

Si Oktoba. Kila mwaka kuna ofisi inayofunga programu mpya wiki ambayo magunia yanaanza kuingia, na karani anajifunza vitufe huku foleni ya wakulima ikimtazama. Ukiangalia kalenda yetu, korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu Januari, minada ya ufuta huja katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata. Nafasi ya kupumua ni Februari hadi Aprili, na hata hapo mvua na umeme vitawasumbua. Anzeni na wanachama wa kijiji kimoja, endesheni mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa mwezi mzima, na kila Ijumaa linganisheni jumla ya pande zote mbili mpaka shilingi ya mwisho. Zisipolingana, msisonge mbele hata kama muuzaji anawaharakisha.

Anayehama kutoka programu kubwa kwenda ndogondogo anahitaji subira ileile, pamoja na jambo moja la ziada: aamue mapema faili lipi ndilo lenye kauli ya mwisho, kwa sababu programu tano zitamzalia orodha tano.

Tuna mafaili ya zamani yanayoishia na .wps, na Word haiyafungui. Yamepotea?

Hayajapotea. Mengi ya hayo yaliandikwa kwa Microsoft Works, programu jumuishi ndogo iliyokuja na kompyuta nyingi za bei nafuu kabla haijasitishwa. LibreOffice huyafungua mengi yake. Ikifungua, lihifadhi faili mara mbili: moja kwa muundo wa ODT, ambao ni sehemu ya kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na nyingine kwa PDF ili kubaki na sura yake ya asili. Kama ni orodha, ongeza nakala ya CSV. Nakala ziwe kwenye vifaa viwili, na kimoja kisikae kwenye droo ya meza ya kompyuta hiyohiyo. Kabla ya kulifuta faili la .wps, fungua nakala mpya kwenye kompyuta ya mtu mwingine na usome ukurasa wa mwisho, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo sahihi, tarehe na jumla ya hesabu hupotea.